Nilivyoitwa Ujiji Kutaja Ndege

Tangu nirudi nimesimulia safari hii vipande vipande, na kila aliyesikia kipande amekiongezea cha kwake. Juzi, kwenye kahawa, nimesikia kwa masikio yangu kwamba nilikwenda Ujiji kupigana na bundi, nikamshinda, nikapewa mbuzi. Sikupigana na mtu, sikupewa kitu, na mbuzi pekee niliyekutana naye alikuwa ndani ya pilau ya watu wote. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwa wasiojua: mpwa wangu Rukia, binti wa marehemu dada yangu, anaishi Ujiji na baba yake Ramadhani na shangazi yake Bi Zainabu, ambaye ndiye aliyemlea. Amechumbiwa na Shabani, fundi wa maboti, Mrundi aliyeingia nchini na mama yake miaka hii ya wakimbizi. Shabani alibahatika kukaa mjini kwa baba yake mdogo. Mama yake, Bi Hadija, yuko kambini upande wa Kasulu, na alikuwa amepata kibali cha siku kumi na nne aje aone ndoa ya mtoto wake wa pekee. Ndoa ikaahirishwa mara moja, ikaahirishwa mara ya pili, na siku za kibali zikawa zinakwenda. Ndipo barua ya Rukia ikanikuta Tabora, mistari mitatu tu. Mama Shabani lazima awe amerudi kambini Jumamosi. Shangazi hataki ndoa kwa sababu ya ndege. Mjomba, wewe unajua ndege, njoo umtaje.

Sasa nikiri jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Zamani nilipokuwa karani wa stoo ya wanyamapori, alikuja mtafiti mmoja akikusanya majina ya ndege wa usiku. Wazee niliowajua walikuwa wamenipa majina manne. Mtafiti alikuwa na mistari kumi na moja ya kujaza, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali, nikamwonea huruma na kujaza iliyobaki kutoka kichwani mwangu. Orodha ikapigwa chapa na kubandikwa ukutani na jina langu chini yake. Tangu hapo mimi ni mtaalamu wa ndege. Nimeishi na heshima hiyo miaka mingi na sijaona sababu ya kuirudisha.

Tabora hadi Nguruka

Treni iliondoka Jumanne jioni, na ilitakiwa kuwa Kigoma Jumatano asubuhi. Jumatano asubuhi ilikuwa Nguruka, na hapo ikatulia. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli huko mbele, na kila baada ya muda alipita mfanyakazi mmoja akituambia kwamba mafundi wameshafika. Nilipomuuliza mara ya nne wamefika wapi, akasema wamefika pale walipo.

Nguruka ni mahali pazuri pa kukwama kama una njaa. Akina mama walipita chini ya madirisha na masinia ya samaki wa mabwawa ya Malagarasi, wa kukaanga na wa kubanikwa, na mihogo ya kuchemsha iliyofungwa kwenye majani. Nilikula saa nne, nikala saa saba, na saa kumi nikala kwa sababu jirani yangu alikuwa anakula. Huyo jirani alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mawese, akirudi Kigoma na madumu matupu, mwenye sauti ya kuongoza mkutano. Akaniuliza nakwenda kufanya nini. Kosa langu lilikuwa kumjibu.

Mama Mawese alilitangazia behewa zima kwamba mzee huyu anakwenda kutaja ndege ili binti aolewe. Basi kila mtu akawa na ndege wake. Mmoja alisema wa usiku ni bundi tu, wengine wote ni bundi wadogo. Askari mstaafu akasema yupo mpasuasanda, sauti yake ni ya kitambaa kinachochanwa. Mwingine akasema yupo kirukanjia, na wanawake wakacheka, maana mjini jina hilo huitwa mwanamke asiyetulia kwake. Muha mmoja aliyekaa mlangoni hakutaja chochote. Alisema kwao ndege wa usiku hatajwi kwenye chombo cha safari, na kama tunataka kulala Nguruka tuendelee tu kupiga domo. Mimi mtaalamu nilijifanya nimesinzia.

Jioni tuliteremka wote kunyoosha miguu. Jua lilikuwa limezama na mwanga haujaisha. Mbele yangu, katikati ya njia ya mchanga inayoambaa na reli, lilikuwepo jani kubwa kavu, na nilipotaka kulikanyaga likaruka. Lilikuwa ndege. Aliruka bila kelele, chinichini, akatua hatua kama kumi mbele, palepale njiani. Nikamfuata, akaruka tena, akatua tena mbele yangu. Tulikwenda hivyo mara tano au sita. Mama Mawese akaniita akauliza ndiye huyo aliyezuia ndoa, nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba uchunguzi unaendelea. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiuliza kwa nini ndege mwenye mbawa, aliyepewa mbingu yote, anahangaika na njia ya watu.

Nguruka hadi Kigoma

Tuliondoka baada ya watu wengi kulala, kwa hiyo sehemu hii siwezi kuieleza zaidi ya kusema kwamba shingo inaniuma mpaka leo. Uvinza niliiona kwa jicho moja. Kigoma tuliingia Alhamisi asubuhi, siku nzima imeliwa, na kama mnajua kuhesabu mmeshaona kwamba ilibaki siku moja. Ndoa ifungwe Ijumaa, la sivyo mama wa watu angerudi kambini bila kuiona.

Shabani alikuwa amenisubiri stesheni tangu jana yake, na alilala hapohapo kwenye benchi. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye mikono ya fundi. Aliniamkia, akapokea mkoba wangu, kisha akatazama nyuma yangu. Akauliza vifaa viko wapi. Nikamuuliza vifaa gani. Akasema alidhani mtaalamu hutembea na vifaa. Nikagusa kichwa changu kwa kidole kumwonyesha vilipo, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, nami nikaona haya kidogo.

Kigoma hadi Ujiji

Nilimlazimisha tunywe chai kwanza, pale mtaa wa Mwanga, maana sikutaka kukutana na Bi Zainabu tumbo likiwa tupu. Tulikula chapati na samaki wa ziwani, mgebuka wa kukaanga, na hapo nikajaribu kumtoa maelezo.

Alisema kwamba mama yake alipofika alikwenda Ujiji kujitambulisha, mambo yakawa mazuri mpaka jioni, halafu kukatokea "yule". Nikamuuliza yule nani. Akasema yule. Nikamwambia mimi nimetoka Tabora kwa ajili ya yule, nina haki ya kujua jina lake. Akainamia kikombe. Akasema Shangazi ameweka sharti: nyumba yenye mwari, yule hatajwi kwa jina, si mchana wala usiku, mpaka binti atoke. Ukimtaja umemkaribisha. Kila mtu wa nyumba ile analifuata sharti hilo, na mama yake alipoambiwa naye akalishika, kwa sababu mgeni hufuata utaratibu wa wenyeji.

Nikauliza mama yake alisema nini siku hiyo. Shabani akasema yeye hakuwepo, alikuwa ufukweni anaziba boti ya watu. Alisikia tu kwamba tangu jioni ile Shangazi hataki hata kulitamka jina la Buzebazeba, mtaa wa yule baba mdogo, alikofikia mama yake.

Bi Zainabu alinipokea mlangoni kwa kanga mbili na manukato. Ni mwanamke wa Ujiji hasa, ambaye babu wa babu yake alikuja na misafara na ambaye mpaka leo anazungumza kama kwamba misafara hiyo imeingia jana na yeye ndiye aliyeipangia vyumba. Tumetaniana miaka thelathini. Alisema nimezeeka. Nikasema yeye hajazeeka, ni kanga tu ndizo zimechuja. Baada ya hapo tukawa tumeshaamkiana.

Chakula kilikuwa wali na kuhe wa kukaanga, na mahojiano yangu yalifanyika juu ya sinia. Nilimuuliza yule anakaa wapi. Akasema anakaa anapokaa. Nikauliza ana umbo gani. Akasema hajamtazama, kwani yeye ana kazi gani ya kumtazama. Nikauliza sauti yake. Akaacha kula. Akasema sauti nitaisikia mwenyewe magharibi, na baada ya kuisikia nitaacha mzaha. Ramadhani, shemeji yangu, baba wa binti na walii wa ndoa, alikuwepo muda wote. Kazi yake ilikuwa kunisogezea samaki.

Mwishowe Bi Zainabu akasema lililokuwa moyoni. Jioni ile, yeye na mama Shabani walikuwa wamesimama uani, sauti ikatokea. Yeye akasema kwa adabu, bila kutaja jina, umemsikia yule. Na mama Shabani, badala ya kuomba Mungu, akatazama, akatabasamu.

"Akaniambia usoni mwangu, shemeji. Kwetu tukimwona yule tunashukuru, tunamfuata," alisema. "Nimpeleke mtoto wangu kwa watu wanaomfuata yule?"

Kama kuna watu wanaofurahia bundi, mimi pia nisingewapa binti, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huenda nimepanda treni kuja kumharibia mpwa wangu kwa ushahidi.

Rukia alinifuata nilipokwenda kunawa. Hakulia, na ningependa angelia, maana macho makavu yananishinda. Aliniambia kwamba Shabani hana ndugu wa tumbo moja, na kwa wazazi amebaki na mama tu, na mama huyo amekuja kwa karatasi yenye tarehe. "Akirudi bila kuona, mjomba, Shabani atanioa siku nyingine, najua. Lakini kila akiniona atakumbuka mama yake alirudishwa mlangoni kwetu." Nikamwambia nitafanya ninaloweza, na kwa kuwa nilijua kiasi gani naweza, nilisikia vibaya sana.

Ujiji hadi Buzebazeba

Shabani alinipitisha ufukweni kwanza, kunionyesha boti anayoichonga. Ilikuwa imefika kwenye mbavu. Kando yake wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye mchanga, na jua la alasiri lilikuwa kali, nami nikajisemea kwamba mtu anayeweza kutengeneza kitu kama hiki hahitaji ndege wala mjomba. Kisha tukapanda kwenda Buzebazeba kwa miguu.

Bi Hadija ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ushungi mweupe. Ni mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, Mwislamu wa mjini, na Kiswahili chake ni kile cha huko. Alisema, "Karibu, mjomba. Mulichelewa, tukaogopa." Alikuwa amepika ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, na ndagala, yaani dagaa, wanaelea kwenye mawese. Nilikuwa nimeshiba wali wa Ujiji mpaka kooni. Nikala tena, maana mtu aliyebakiwa na siku mbili huwezi kumwambia umeshiba.

Nikajipa moyo nikaanza. Nikamwambia mimi ni mjomba wa Rukia, nimekuja kwa ajili ya yule. Uso wake ukachanua. Akasema ndiyo, yule, alimwona Ujiji akafurahi sana, ila hakuelewa kwa nini Bi Zainabu alibadilika palepale. Nikamuuliza, nikichagua maneno, kwao humfuataje.

"Si anakaa njiani," akasema. "Tunaenda, anaruka, anakaa mbele. Tunaenda tena."

Nikaweka tonge chini. "Anakaa njiani? Si juu ya nyumba?"

"Juu ya nyumba atatafuta nini, mjomba?"

Nilicheka mpaka Shabani akaja mlangoni kuona kama nimepaliwa. Wanawake wawili wenye adabu zao walikuwa wamesimama uani, wote wakikwepa kutaja jina, mmoja anamsema wa juu, mwingine anamsema wa chini. Na kwa heshima hiyohiyo hakuna aliyenyoosha kidole. Ndoa ilikuwa imezuiwa na ndege wawili ambao kila mwanamke aliamini ni mmoja. Nilianza kumweleza Bi Hadija, lakini nilipofika katikati niliona hacheki, nikaacha.

Akanieleza. Walitoka Rumonge kwa miguu, wakashuka na ziwa upande wao wa kulia kuelekea mpaka wa Kagunga, wakitembea kukiwa giza na kujificha mchana. Walikuwa watu kumi na wawili. Mbele yao kwenye kijia alikuwa anakaa ndege huyo. Mzee mmoja waliyekuwa naye akawaambia: akiwa amekaa njiani, ujue hakuna mtu aliyepita sasa hivi, maana mtu akipita huruka. Basi wakimwona ametulia, wanakwenda. Wakifika mahali hayupo, wanaingia kwenye majani na kungoja. Mara mbili waliingia kwenye majani, na mara zote mbili wenye bunduki walikuwa mbele.

"Sisi tulimupa jina," akasema. "Tulimwita Tangulia. Sijui watu wengine wanamwita nani."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye mtaalamu na ninajua wanamwitaje. Nikafikiria orodha yangu ya ukutani, majina saba ya kubuni nikiwa nimekaa kwenye kiti kivulini. Nilimuuliza tu kama siku ile Ujiji aliisikia ile sauti ya juu. Akasema aliisikia vizuri, akaogopa, halafu akamwona Tangulia amekaa kwenye mchanga mbele ya nyumba, akapata nguvu, ndiyo maana akatabasamu.

Buzebazeba hadi Ujiji

Nilimwambia avae, tunakwenda. Njiani nilipanga mpango ambao niliuona wa akili sana, na nawaomba msinicheke. Sharti la Bi Zainabu linahusu nyumba. Jina lisitajwe ndani ya nyumba yenye mwari. Basi nje ya uzio si nyumbani. Nikifika nitatandika mikeka barabarani, tutaketi wote huko, ndege watatokea wenyewe, nami nitawataja mmoja mmoja bila kuvunja sheria ya mtu.

Bi Zainabu alikataa kutoka. Nikamwambia vizuri, basi nitataja kutokea nilipo kwa sauti ya kuwafikia majirani. Akanikata jicho, akatoka. Ramadhani na Shabani wakatandika mikeka miwili mbele ya uzio, wanaume huku, wanawake kule, Rukia akabaki dirishani. Tukakaa kimya, tukingoja magharibi iingie.

Nyie mliozaliwa pwani na mitaa ya Waislamu mmeshajua nilichokosea. Nyumba iliyotandika mikeka nje, watu wamekaa kimya, wanawake wamejitanda, huo ni msiba. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa upande wa pili, amevua kofia, akanipa mkono, akasema poleni sana. Nikasema ahsante kabla sijafikiri. Akaja mwingine. Wanawake wawili walikuja na sufuria, mmoja ameanza kulia kutoka kwenye kona. Mzee wa msikitini akaniuliza kwa upole maziko ni usiku huu au kesho. Nikamjibu kwamba hakuna maiti. Akanishika bega akasema ni kawaida mtu kutoamini siku ya kwanza.

Sijawahi kumwona Bi Zainabu akikosa maneno, isipokuwa dakika ile. Nyumba yenye mwari, na watu wanakuja na pole. Aliponigeukia nilijua kwamba nisipozungumza sasa sitapata nafasi nyingine duniani. Na hapo, kwenye pagale la Ramadhani, nyumba ya kando ya uzio aliyoianza miaka minane iliyopita akaishia kwenye renta bila paa, ukatoka ukelele wa kukwaruza ambao ulinisimamisha nywele. Watu wote mikekani wakainamisha vichwa. Nikainuka.

"Huyo ni bundi," nikasema. "Anakaa kwenye pagale kwa sababu pagale lina panya, na panya wamefuata magunia ya dagaa ya shemeji. Mwenye kumwondoa ni Ramadhani, akiezeka."

Nilingoja radi. Haikuja. Ramadhani alitazama kucha zake.

Nikaomba watu watazame njiani. Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Kisha Bi Hadija akanyoosha kidole, kwa mara ya kwanza tangu afike mji huu, na pale kwenye mchanga, hatua chache kutoka mikekani, jani kavu lilikuwa na jicho. Nikasema huyo ni mwingine. Nikasema huko kwetu ana majina mawili matatu ambayo mbele ya bibi harusi siyataji, lakini Bi Hadija ana jina lake, na nikamwomba aseme yeye. Akasema. Kisha akaeleza walivyompa jina hilo, kwa sauti ndogo, kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi. Yule mwanamke aliyekuja akilia aliacha kulia ili asikie.

Bi Zainabu akamuuliza, "Siku ile ulimsema huyo wa chini?"

"Huyo wa chini, dada."

"Na huyo wa juu?"

"Huyo wa juu hata mimi namuogopa. Siku ile nilitoka hapa nimefunika masikio na kanga mpaka Buzebazeba."

Watu wakacheka, na mimi nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa naanza kutafakari jinsi nitakavyowasimulia. Lakini Bi Zainabu hakucheka. Alikunja pembe ya kanga, akaikunjua, na alipozungumza hakuwa yule wa manukato na misafara.

"Mimi bundi nimemsikia maisha yangu yote," alisema. "Nikuulize la kweli, mama Shabani. Mkija kurudishwa kwenu, mtaondoka na Rukia?"

Nilimtazama Bi Hadija nikimwomba kimoyomoyo aseme hapana. Neno moja tu, hata mimi ningelisema, nami kwa kusema yasiyokuwepo mnanijua.

"Sijui, dada," akasema. "Nikikwambia hapana utafurahi leo. Mimi mwenyewe Jumamosi narudi kambini. Kesho yake sijui."

Bi Zainabu alisema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba Rukia alikuja mikononi mwake ana miezi minane, na kwamba hana mtoto mwingine. Nilihisi machozi yananijia na nikajifanya naondoa mchanga jichoni. Halafu akainuka, akajifunga kanga vizuri, akawageukia majirani.

"Mliokuja na pole, nimezipokea," alisema. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa mje na hongera, maana sina muda wa kuwapitia tena nyumba kwa nyumba."

Ujiji hadi Mwandiga

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Pilau iliungua kidogo chini kwa sababu iliandaliwa kwa usiku mmoja, na sufuria lililokuja kwa msiba ndilo lililotumika. Shabani alitamka maneno ya ndoa kwa sauti isiyosikika, ikabidi arudie. Bi Hadija alikaa mbele kabisa, na hakutoa macho kwa mwanawe hata mara moja. Naweza kuandika ukurasa mzima juu ya furaha yake, ila nimejaribu mara mbili na nimechana.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka Mwandiga kupanda basi la Kasulu. Maharusi walikuwa wameagana naye nyumbani, kwa sababu alisema hataki kuagwa barabarani. Bi Zainabu alikuja nasi bila kuombwa, akiwa bado na ndala zake za harusi na mikono yenye hina, amebeba furushi la dagaa, chumvi ya Uvinza na kanga mpya. Njia nzima wanawake hao wawili walizungumzia namna ya kuzuia mchele usigande. Nilikaa nyuma yao, sikuulizwa kitu.

Basi lilikuwa linajaza watu. Bi Zainabu alimkabidhi mwenzake furushi, akamuuliza kama mtu wa nje anahitaji karatasi kwenda kule kambini.

"Kuingia hakuna shida, dada," Bi Hadija akajibu. "Karatasi ni ya kutoka."

Bi Hadija alimkumbatia, akanipa mimi mkono, akapanda, akakaa dirishani, akatoa kibali chake kwenye ushungi na kukishika tayari, ingawa hakuna aliyekuwa amekiulizia. Kondakta akapiga bati. Na hapo Bi Zainabu, ambaye kwa umri wake wote hajawahi kuvuka Mwandiga na hujivunia jambo hilo, akainua pindo la kanga akaweka mguu kwenye ngazi.

Nikamshika mkono, nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anamsindikiza mgeni.

Nikamwambia mgeni husindikizwa mpaka njia panda, shemeji, na hapa ndipo njia panda. Unamsindikiza mpaka wapi?

"Mpaka pale watakaponizuia," akasema, akaingia, na Bi Hadija akasogea kumpa nafasi.